Likifumuka, Rudisha

Jumatatu, 2 Machi

Zimebaki siku tisa nichaguliwe. Sisemi "kama nitachaguliwa". Neno "kama" ni la watu wasio na mpango.

Nimegombea udiwani wa kata hii mara mbili na nimeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza wananchi walikuwa hawanijui. Mara ya pili walikuwa wananijua. Mara hii nina uzoefu.

Asubuhi mke wangu, Mama Pacha, akikata kola za sare za shule, ametoa sharti. Nikishinda, ataniita Mheshimiwa hata mbele ya mama yake mzazi. Nikishindwa, nimpishe kiti cha mbele. Na hapa lazima nieleze, maana kiti hicho si kiti tu. Duka letu la ushonaji lina nafasi tatu. Mbele, penye dirisha la barabarani na cherehani kubwa ya umeme, ndipo mteja anapoingia akakuona wewe kwanza na kukuita fundi. Hapo nakaa mimi. Nyuma, penye cherehani ya miguu na taa inayokonyeza, anakaa yeye. Kisha kuna meza ya pasi. Hapo hakai mtu, kwa sababu pana joto na hapana kiti.

Nikishindwa, yeye mbele, mimi kwenye pasi.

Nimekubali papo hapo na mkono nimempa. Maskini! Kashona miaka yote hiyo kule nyuma. Mwache aote.

Saa nne mlango ukajaa mtu. Bwana Simenti! Diwani wetu wa sasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpinzani wangu na mwizi wa nafasi yangu mara mbili. Nyuma yake marobota ya kitambaa cha waridi, rangi ya chama chake. Fundi wake kaanguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono, na yeye anataka mashati ya kugawia wafanyabiashara wa sokoni kwenye mkutano wake wa Jumamosi. Akauliza kwa adabu kama siasa itakuwa kikwazo. Nikamjibu kwa adabu zaidi kwamba siasa ni siasa na kazi ni kazi. Akanisifu mbele ya mke wangu kwa ukomavu.

Ukomavu! Alipopinda kona nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu anakuja mwenyewe kumpa mpinzani wake kwapa za wapiga kura!

Jumanne, 3 Machi

Mpango umeiva.

Juu ya dirisha lipo sanduku la uzi niliorithi kwa fundi aliyenifundisha kazi. Umepigwa jua tangu pacha wetu hawajazaliwa. Ukiutazama ni uzi. Kwenye sindano unapita vizuri. Lakini uuvute kidogo tu, unakatika bila hata kulalamika. Mke wangu ameniambia mara nyingi niutupe. Mwanamke haoni mbali.

Kila shati nashona mabega, kola na pindo kwa uzi mzuri, ili nisishtukiwe. Kwapa tu ndizo nazitia uzi wa dirishani. Sababu? Bwana Simenti ana mtindo wake mmoja wa kuhutubia. Anauliza: "Kata yetu?" Watu wanainua mikono yote miwili na kuitikia: "Juu!" Anarudia hivyo mara kumi kwa mkutano, maana hana mengine ya kusema.

Juu! Naisubiri hiyo "juu" kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Na shingoni mwa kila shati nimetia lebo yangu. Sijawahi kutoa nguo bila lebo na sianzi leo. Nyuzi nyekundu kwenye kitambaa cheupe: "Kazi ya Fundi Makini. Likifumuka, rudisha. Tunashona bure." Halafu nikapata wazo lililonifanya nisimame. Jina la mgombea litakuwa kwenye shingo za wafuasi wa mpinzani wake! Kampeni bure! Wenzangu wanabandika karatasi kwenye nguzo za umeme.

Jioni akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni meneja wangu wa kampeni. Sisi wagombea binafsi alama tunapigiwa kura ya bahati. Niliomba simba, nikapata kijiko. Shemeji kamtafuta seremala, wamechonga kijiko cha mti kirefu kumpita yeye mwenyewe, na leo kazunguka nacho mitaani. Anasema kila alikopita watu walimuuliza kama tumeanza kula kabla ya kuchaguliwa. Nimemwambia awajibu kwamba kijiko ni cha kugawia. Anasema aliwajibu hivyo, na mama mmoja akamwuliza mbona basi ni kirefu hivyo.

Shemeji hana ari. Ningekuwa na pesa ningeajiri mtu asiye ndugu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekabidhi mashati. Moyo ulitaka kunitoka mara moja tu. Bwana Simenti alichukua lake, akalivaa palepale dukani, akasimama mbele ya kioo na kuinua mikono yote miwili. Juu kabisa.

Likashika.

Lazima lishike! Lake nililishona lote kwa uzi mpya. Unadhani nimeanza leo? Fundi mpumbavu angesahau kwamba bwana mkubwa hujaribu nguo yake.

Akanipa mkono, akasema kata inahitaji mafundi wa namna yangu. Nikasema hata mimi naona hivyo. Mama Pacha alitutazama kutoka kule nyuma, pini mdomoni. Baadaye akaniuliza nina furaha gani na mtu aliyenishinda mara mbili. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Akarudi kwenye kola zake.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda kwenye mkutano wa Simenti. Miwani ya jua, kofia anayovaa mama mkwe akienda kuchota maji, nikajibanza nyuma ya mwenye mkokoteni wa soda. Uwanja mzima waridi. Akina mama wa nyanya, wauza viatu, wachoma mahindi, mpaka mwenye mizani ya sokoni, wote ndani ya kazi ya mikono yangu. Niseme ukweli? Mashati yalikaa vizuri. Nilijisikia fahari.

Bwana Simenti akapanda jukwaani. "Kata yetu?"

Mikono ikaenda juu.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Si kubwa. Trrr. Kisha trrr nyingine huku, na nyingine kule, na uwanja mzima ukawa unachanika. Watu wakashusha mikono haraka, wakatazama kwapani, wakatazamana. Kisha kicheko. Mzee mmoja alijaribu kuinua tena ili ahakikishe, na mkono wa shati ukabaki umening'inia kwenye kiwiko. Nilijiuma ngumi. Nikamwazia Simenti akishuka jukwaani kwa aibu, akienda zake kuuza misumari mpaka afe.

Hakushuka. Yeye shati lake lilikuwa zima, nilimshonea mwenyewe! Akamwita yule mzee jukwaani, akamkunjua kola, akasoma kwa kipaza sauti. Kazi ya Fundi Makini. Likifumuka, rudisha. Tunashona bure. Kisha akasema kwamba mgombea mwenzake, mwenye alama ya kijiko, ni mtu wa ahadi, na ahadi hii kaiandika mwenyewe kwa uzi mwekundu. Basi kesho wote waende dukani kwake wakaone kama huwa anatimiza. Wakashangilia bila kuinua mikono.

Nimerudi kwa njia ya nyuma ya machinjio.

Lakini hebu tufikiri kwa utulivu. Jina langu limesomwa kwa kipaza sauti cha mpinzani, kwenye mkutano wa mpinzani, kwa gharama ya mpinzani. Mwanasiasa gani amewahi kufanikisha hilo? Nalala na moyo mweupe.

Jumapili, 8 Machi

Foleni!

Imeanzia mlangoni kwetu, ikapita kwa kinyozi, ikapita kwa muuza mayai, ikakunja kona. Wote waridi. Nikafunga komeo na kumwambia mke wangu kwamba leo ni siku ya mapumziko na tena nina mkutano wangu wa mwisho saa tisa. Akafungua komeo.

Akapokea shati la kwanza. Akaligeuza ndani nje. Akashika ncha ya uzi kwa vidole viwili na kuvuta, ukakatika. Akaangalia juu ya dirisha kwenye sanduku. Akaniangalia mimi.

Mke akigomba, una nafuu. Akinyamaza, tafuta pa kusimama.

Aliponena, alinena polepole. Alisema ile lebo haina jina langu peke yangu. Alisema nusu ya nguo zilizoijengea heshima kazishona yeye kule nyuma, gizani, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi. Alisema mashati yote yatashonwa upya leo na kesho, kwa uzi mpya, mpaka la mwisho, na mimi nikae nishone. Nikamkumbusha mkutano wangu. Akasema mama yake alishamwambia kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na kwamba sasa ameliona shimo.

Nikakaa. Kwa hiari yangu. Nilikuwa nimekwishaamua kukaa.

Mkutano wangu kauendesha shemeji, yeye na kijiko. Ameripoti kwamba alihudhuria mtu mmoja, akakaa mstari wa mbele mpaka mwisho, akimtazama bila kupepesa. Shemeji alifurahi sana. Alipomaliza kuhutubia akaenda kumpa mkono, na yule bwana akamwuliza kama sasa anaweza kuchukua viti vyake, maana vina watu wengine wa kukodi.

Mmoja aliyesikiliza mpaka mwisho ni bora kuliko elfu wanaosinzia.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya mwisho ya kampeni na mimi nimezungukwa na waridi tangu alfajiri. Duka limekuwa kama tawi la Simenti. Mwenye duka la dawa, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mtu wangu, akapita, akaona, akaingia kunipa mkono na kunipongeza kwa kujiunga na chama. Nikamfukuza mpaka barabarani nikimweleza. Sindano ilikuwa bado mkononi, hivyo alikimbia kabla sijamaliza.

Mke wangu naye anapoteza muda. Kila mteja anamwekea stuli na kumwuliza habari. Mama wa nyanya anamwambia choo cha soko kimefungwa kufuli tangu mwaka jana na hakuna ajuaye nani ana ufunguo. Mama Pacha anaacha kushona, anavuka barabara, anamwuliza mlinzi wa soko. Mlinzi anao ufunguo! Upo mfukoni mwake, hakuna aliyewahi kumwomba. Choo kikafunguliwa. Mtaro unaofurika mbele ya wauza viatu, akauliza kazi ya kuuzibua ni ya idara gani, na mzee mmoja aliyestaafu manispaa akamwambia. Mashati manne yangeisha kwa muda huo! Nikamwambia hiyo si siasa, siasa inahitaji mkakati. Akaniomba nimpe mkasi.

Mkakati ninao. Mashati haya yatarudi kwa wapiga kura, sivyo? Basi kwapani, mahali panapotiwa kiraka cha kuimarisha mshono, nitie kiraka chenye umbo la kijiko! Wakiinua mikono kwa ajili ya Simenti, vinachomoza vijiko! Nikashona cha mfano kwenye shati langu mwenyewe, nikajitazama kwenye kioo. Uzuri wake! Nikaanza kukata vingine. Kabla sijashona hata kimoja, kivuli kikaniangukia mezani. Mke wangu alivikusanya vijiko vyote kiganjani, akavitia kwenye pipa la vitambaa, akaniwashia pasi.

Nimepiga pasi mpaka jioni. Si kwa sababu ya lile sharti. Sharti linaanza nikishindwa.

Jumatano, 11 Machi

Siku yenyewe! Nimenyoa, nimevaa shati langu, nimefika kituo cha kura kabla ya milango kufunguliwa. Kituo ni darasa la watoto wadogo, na maafisa wazima wamekaa kwenye madawati wakiwa na magoti kidevuni. Foleni ndefu, sura za kirafiki. Wengi waliniambia mshono sasa ni imara, ahsante. Nikawapungia mkono kwa heshima ya kidiwani.

Afisa msimamizi akanyanyuka. Akaniomba nipunge tena. Nikapunga. Akaniambia ni marufuku kuvaa alama ya mgombea kituoni. Nikasema sijavaa alama. Akanionyesha kwapani.

Nilikuwa nimesahau.

Mabishano yalikuwa marefu na nilikuwa na hoja nzito, kwamba kwapa ni mahali pa faragha. Akasema ama nivue ama niende nyumbani nibadilishe. Mama mkwe, aliyekuwa foleni hiyohiyo, akavua sweta lake bila neno na kunipa. La zambarau, vifungo vya maua. Nimempigia kura mtu mwenye kijiko nikiwa ndani ya sweta hilo. Historia ina mambo yake.

Nilipotoka nilimwuliza mke wangu amempigia nani. Akasema kura ni siri. Nikamwambia mimi ni mumewe. Akasema basi hakunipigia mimi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema anakitaka kiti cha mbele, na amekitaka tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nimefikiria hilo neno njia nzima ya kurudi. Liliniuma, sitaficha. Kisha nikaona lilipo jema: hata yeye alihofia kwamba nitashinda.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeshindwa.

Naandika kwa mkono imara. Bwana Simenti kapita kwa wingi wa kutisha. Kuna mgombea wa pili, mwenye shule ya udereva, na wa tatu sikumbuki. Mimi nimekuwa wa mwisho. Lakini si hilo lililonitoa jasho.

Nilikuwa ndani ya darasa wakati wa kuhesabu, kama wakala wangu mwenyewe, kwa sababu shemeji alisema anaumwa tumbo. Afisa akachambua kura, rundo hili, rundo lile. La kwangu lilikuwa jembamba. Pembeni likakua rundo lingine, nikauliza ni la nani, akasema hizo zimeharibika. Nikaona limelipita langu. Kura zilizoharibika zimenishinda! Nikadai ufafanuzi, kama sheria inavyoniruhusu. Akainua moja mbele ya mawakala wote. Mpiga kura hakutia alama popote. Kando ya kijiko kaandika kwa kalamu: "Mke wake angefaa." Akainua ya pili: "Mama Pacha." Ya tatu: "Mwenye kufungua choo." Ya nne ilikuwa na mchoro wa cherehani, na yule aliyechora alikuwa na kipaji.

Wakala wa Simenti alicheka kwa adabu, akitazama dirishani.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amekwishajua, sokoni habari haina miguu lakini inafika. Hakunicheka. Alinipakulia chakula, akaningoja mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nitatimiza. Nikasimama, nikatoa mto wangu kwenye kiti cha mbele. Akakaa. Akasogeza kiti karibu kidogo na dirisha, akawasha mashine, akapitisha mkono juu ya meza kana kwamba anaifuta vumbi, na haikuwa na vumbi. Niliona macho yake. Nikaingia nyuma kutafuta pasi, nikakaa huko kwa muda.

Jumamosi, 14 Machi

Wateja wanaingia na kusema, "Hujambo fundi," na hawasemi nami.

Bwana Simenti amekuja leo na ujumbe. Anataka kumweka Mama Pacha kwenye kamati ya soko. Mama Pacha kamwambia mtaro uzibuliwe kwanza, ndipo waongee habari ya kamati. Tena kamwambia, bila kuacha kushona, kwamba uchaguzi ujao huenda akagombea yeye mwenyewe. Bwana Simenti akakohoa. Akasema ikiwa hivyo, yeye umri umeenda, atapumzika na simenti yake. Kinyozi aliyekuwa akisubiri suruali yake akasema basi hakuna atakayesimama naye. Wote wakakubali kwamba atapita bila kupingwa.

Bila kupingwa! Katika nchi yenye vyama vingi! Nilikuwa napiga pasi na nikaliunguza pindo la suruali ya kinyozi kwa uchungu wa kidemokrasia.

Nimekaa nikapiga hesabu. Simenti kapumzika. Wa udereva kakata tamaa. Kata nzima inamwogopa mgombea mmoja, na mtu pekee anayeujua udhaifu wake wote, anayejua anachukia nini na analala upande gani, ni mimi. Nafasi ya namna hii haiji mara mbili. Imebaki miaka mitano, muda wa kutosha, na safari hii siandai kwa pupa. Watu wanampenda? Vizuri sana! Waendelee kumpenda. Namwacha afungue vyoo, azibue mitaro, ajenge jina mpaka lienee kata nzima.

Kaulimbiu yangu iko tayari: "Mchagueni mume wa Mama Pacha."

Hana jibu la hilo.